Kunguru Mwenye Mguu Mweupe

Kata ya Ramadhani, Njombe

Jumatatu, 13 Januari

Elius aliondoka jana mchana baada ya ibada na mpaka sasa hajarudi. Naandika leo leo ili nisisahau mambo yalivyokwenda, maana tayari kichwani nimeanza kuyapanga upya yanipendeze mimi.

Juzi Jumamosi mdogo wangu alianguka. Alikuwa chumbani kwake na laptopu yake. Nikasikia kiti, nikakimbia, nikamlaza ubavu, nikaweka khanga chini ya kichwa, nikasubiri kama Mama alivyonifundisha. Kama dakika tatu. Alipozinduka aliniuliza kama mvua imeacha. Nikajua yameisha.

Jana tulipotoka kanisani Baba akaniita karakanani. Baba ni seremala, na ni mzee wa kanisa, na hana maneno mengi. Akauliza, "Alipoanguka alikuwa anafanya nini?"

Nikasema, "Alikuwa anaangalia katuni."

Maneno matatu. Ni kweli alikuwa anaangalia. Ni kweli pia kwamba daktari wa hospitali ya Tandala alishamwambia Mama, tangu Elius akiwa na miaka tisa, kwamba kifafa chake hakitokani na katuni, na kwamba kinachotakiwa ni dawa asubuhi na jioni bila kuruka. Hilo sikulisema. Baba alishatoka. Aliichukua laptopu chumbani, akaibeba mpaka kwenye pipa la maji ya mvua, akaitumbukiza na kuishikilia chini kwa mikono miwili, kama mtu anayemzamisha paka.

Elius alikuwa amesimama kwenye korido. Hakupiga kelele. Alichukua koti akatoka. Nilidhani anakwenda kutembea mpaka hasira zipoe.

Kopo lake la dawa liko hapa mezani. Alichonacho ni kile kikopo cha mfukoni ninachomjazia kila Jumapili asubuhi. Vidonge kumi na vinne, viwili kwa siku. Vitaisha Jumamosi.

Jumanne, 14 Januari

Simu yake haipatikani. Mvua tangu alfajiri.

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda kazini kwa sababu kukaa nyumbani na Baba siwezi. Mimi ni karani kwenye kampuni inayonunua parachichi kwa wakulima. Natengeneza lebo na orodha za mizigo. Kwenye kompyuta yangu kuna picha aliyonichorea Elius mwaka juzi, walipepa, ile picha inayokaa nyuma ya kila kitu ukiwasha. Ukiitazama haraka ni mashamba ya chai asubuhi, ukungu, waya wa umeme, kunguru watano juu ya waya. Bosi akipita husema, "Hilda, hapo ni Luponde, eh?" nami hujibu ndiyo. Hakuna anayeona kwamba kunguru wa pili ana mguu mmoja mweupe.

Sisi wawili tulikuwa na katuni yetu ya Kijapani. Jina lake hatukuwahi kulitamka sawasawa, kwa hiyo tukaiita Tarishi. Ni habari za msichana anayepeleka barua vijiji vya milimani. Begi lake lina kiraka cha njano, na popote anapokwenda kuna kunguru mwenye mguu mmoja mweupe anayemfuata. Tuliianza Mama akiwa hai, alikuwa akikaa nyuma yetu anamenya viazi, anauliza, "Leo barua imefika?" Mama alipofariki, miaka minne sasa, Baba akasema katuni basi katika nyumba hii. Ndipo Elius akaanza kuzificha ndani ya picha. Mwanzo aliweka begi lile kwenye mti wa uzio, dogo kama punje. Kisha kunguru. Picha ambazo Baba angeweza kuzitazama macho makavu na kuzisifia. Na kweli moja aliwahi kuisifia, akasema inafaa kalenda ya usharika. Tulicheka mpaka tukakimbilia nje.

Leo nimeitazama mpaka lebo za katoni mia mbili zikatoka na tarehe ya jana.

Jumamosi, 18 Januari

Vidonge vimeisha leo jioni.

Jumapili, 19 Januari

Baba amesoma matangazo kanisani kwa sauti yake ileile. Ameomba kwa ajili ya wagonjwa, kwa ajili ya wasafiri, kwa ajili ya mvua isizidi. Jina la Elius hakulitaja. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu, nikajiambia: huyu mtu simpendi. Nimeandika. Sifuti.

Jumatano, 22 Januari

Nimezunguka stendi yote. Mkatisha tiketi mmoja anakumbuka kijana mrefu mwenye koti la kijani, Jumapili ile, akipanda gari la Makambako. Kaka huyo aliniuliza kama ni mchumba wangu. Nikalia mbele yake.

Jumamosi, 25 Januari

Baba amesema anakwenda Makambako kutafuta mbao. Amerudi bila mbao.

Jumamosi, 1 Februari

Tena. Amerudi amelowa, bila mbao. Hakula. Sijui ana nini huko na sitaki kujua.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeota Elius ameanguka barabarani na magari yanamzunguka. Nikiwa macho ndoto hiyohiyo inaendelea. Nimefungua kopo nikahesabu vidonge, arobaini na sita, kana kwamba vikizidi au vikipungua nitajua kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Baba Makambako. Bila mbao.

Alhamisi, 13 Februari

Lazima niandike kabla sijalala.

Mashine yetu ya kuchapia imeharibika, bosi akanituma Makambako kuchapisha lebo. Nikaingia steshenari ya kwanza niliyoiona karibu na stendi. Mwenye duka, Ronald, mwanaume wa kama miaka arobaini, aliinama kutafuta karatasi, akaiacha kompyuta wazi mbele yangu. Kwenye kioo kulikuwa na barabara ya vumbi, mistimu ya umeme, lori limeegeshwa. Nyuma ya lori, kwenye turubai, kiraka cha njano. Juu ya kibao cha barabara, kunguru. Nikasogeza uso mpaka pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo. Mguu mmoja mweupe.

"Kaka, hii picha umeitoa wapi?"

"Ah, hiyo? Kuna kijana alinitengenezea kompyuta mwishoni mwa Januari. Akaniwekea. Nzuri, sivyo?"

"Yuko wapi?"

Akaacha kutafuta karatasi. "Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

Ronald alikaa chini. Alisema Elius alifanya kazi pale siku sita, tena kazi safi. Siku ya saba alianguka katikati ya duka. Wateja walikimbilia nje, mmoja akaacha kitambulisho chake kwenye mashine ya kunakili. Hakuna aliyemgusa. Alipozinduka mwenyewe akajifuta, akapanga karatasi zilizomwagika. "Na mimi nikamwambia asirudi," Ronald akasema. "Nilihofia wateja, dada. Alisema sawa. Akasema asante."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika humu. Nilipomaliza akasema, "Hata yule mzee nilishindwa kumwambia ukweli. Nilimwambia sijamwona."

"Mzee gani?"

"Mzee mmoja wa Njombe. Anakuja kila Jumamosi na picha ndogo ya pasipoti. Anaingia duka kwa duka, anasalimia 'Kamwene', anavua kofia, anauliza."

Jioni nimefika nyumbani Baba anapiga randa. Nikamwambia, "Mbao zako zinaitwa Elius." Akasimamisha randa. Kisha akachukua Biblia yake rafuni, akatoa ile picha ndogo, imekunjika pembe kwa kulowa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nimeuliza stendi, nikaenda, nikamkosa?" Akapuliza unga wa mbao. "Nilidhani wewe unajua aliko, unanificha. Ninyi mlikuwa na mambo yenu siku zote."

Mwezi mzima tumekula meza moja, kila mmoja akimwona mwenzake mwizi.

Jumamosi, 15 Februari

Tumekwenda pamoja. Naingia kila penye kompyuta: maduka ya dawa, wauza vipuri, wapiga picha. Naomba kuona kioo. Watu wananitazama kama mwendawazimu. Baba anasubiri nje na mwavuli. Kwenye duka moja la dawa, dada anayeitwa Jeni anamkumbuka: alitaka dawa za kifafa, hakuwa na cheti wala kadi ya kliniki. "Nilimwambia alete kadi," akasema. Kadi iko kwenye droo yetu.

Jumamosi, 22 Februari

Hakuna. Mvua ya mawe. Baba ana homa lakini amekwenda.

Jumamosi, 1 Machi

Nyumba ya wageni, upande wa pili wa reli. Mhudumu, Peace, alikuwa ananiambia vyumba vimejaa kabla sijafungua mdomo. Nikasema sitaki chumba, nataka kuona kompyuta yako. Akacheka, akaigeuza.

Ni ya Elius. Nisingehitaji hata alama kujua, naujua mkono wake kwenye mawingu. Uwanja wa nyuma wa nyumba ya mtu: mahindi yameanikwa kwenye turubai, tanki la maji la bluu juu ya stendi ya miti, nyuma yake reli. Kwenye kamba ya nguo kitambaa cha njano, cha ukubwa wa kiganja. Nikatafuta kunguru. Juu ya tanki, hakuna. Kwenye reli, kwenye paa, kwenye kamba, hakuna. Nikaanza upya toka pembe ya juu kama mtu anayesoma.

"Alikuja lini huyu?"

"Kama siku kumi hivi. Kompyuta ilikuwa imegoma, akaifufua. Alikuwa amekonda, na hapa," akagusa paji lake, "kidonda."

Katika Tarishi, kunguru hukosekana mara moja tu. Ni pale msichana anapozika begi lake chini ya theluji na kukaa juu yake ili asiondoke tena. Tulilia wote siku ile, hata Mama.

Nikatoka nje. Nikakaa kwenye ngazi. Baba akauliza kuna nini, na mimi, sikupanga, nikamwambia yote. Katuni, kiraka, kunguru, kalenda ya usharika, picha ya ofisini kwangu. Na kunguru kukosekana maana yake nini. Nilisubiri anipige au aondoke.

Akasema, "Nionyeshe."

Peace akatuchapia. Baba akavaa miwani, akaishika ile karatasi kwa mbali, kisha karibu. Akakaa nayo muda mrefu, matone yanadondoka kwenye ukingo wa bati.

"Hii stendi ya tanki ina miguu mitano," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna fundi anayepiga stendi ya miguu mitano. Mguu mmoja ulioza, mtu akaongeza mwingine badala ya kuung'oa. Hiki kitu kipo. Mwanangu amekichora kama kilivyo." Akaikunja karatasi akaitia ndani ya koti. "Kesho tunaitafuta."

"Kesho Jumapili, Baba. Una zamu ya matangazo."

"Wana midomo, watasoma."

Jumapili, 2 Machi

Tumeipata.

Tulilala kwa binamu wa Mama, asubuhi tukaanza kufuata reli, kila mmoja upande wake, tunachungulia nyua za watu. Mbwa watatu, matusi mara mbili. Saa nne na nusu nikamsikia Baba anaita. Hakuita jina langu, aliita tu, "Heeee!" kama mtu wa shambani. Alikuwa ameshika ule mguu wa tano kwa mkono.

Mwanamke alikuwa ametoka jikoni na mwiko, anamtazama. Mwili mkubwa, rozari shingoni, unga wa ngano mpaka viwikoni. Baba akavua kofia, akatoa picha ya pasipoti. Akamnyooshea. Nikasema mimi.

"Shikamoo mama. Tunamtafuta huyu."

Akaiangalia, kisha akatuangalia sisi. "Marahaba. Kumbe ana watu," akasema. "Mimi aliniambia hana."

Anaitwa Konsolata. Anakaanga maandazi, anauza stendi. Elius alipanga chumba chake cha uani toka mwanzo wa Februari. Alianguka mara nyingi. Yeye alikuwa anamkalisha kivulini, anampa chai ya sukari. Kisha akatuambia la Jumanne iliyopita, amesimama hapohapo, mwiko bado mkononi.

Elius alikuwa anampulizia moto. Konsolata alikwenda kuchota maji. Aliporudi uwanja ulikuwa umejaa majirani na hakuna anayesogea. Elius alikuwa ameanguka kifudifudi, mkono wa kulia katikati ya mafiga, kwenye makaa. "Wamesimama, mzee! Wanasema povu linaambukiza. Nikawaambia, na mkono unaoungua nao unaambukiza? Nikamvuta mwenyewe kwa miguu."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Ni mzima?"

"Yuko hospitali Ilembula. Mzima, ndiyo. Nampelekea uji kila siku. Mkono…" Akatazama mwiko. "Mtaona wenyewe."

Baba akachuchumaa pale kwenye tope, chini ya tanki, kofia mikononi. Nilikuwa sijawahi kuona mgongo wake ukitikisika. Konsolata akaenda kumshika bega, akamwambia, "Nyanyuka baba, utalowa," kana kwamba hakuwa amelowa tayari.

Jumatatu, 3 Machi

Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Bandeji mpaka kwenye kiwiko. Wamekata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Ndivyo alivyokuwa anashikia kila kitu.

Alimwona Baba, akageuza uso ukutani. Baba akasema, "Mwanangu." Akasema tena. Halafu akatoka akasimama nje ya dirisha, tukamwona kofia tu.

Nikamwambia Elius nimeziona picha. Ile ya Ronald, na ile isiyo na kunguru. Nikasema nilijua maana yake, ndiyo maana tulikimbia.

"Hujui maana yake," akasema. Hayo tu.

Wamemrudishia dawa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepewa onyo kazini kwa kutokuwepo. Haki yao.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda peke yangu. Nilikuwa nimejiandaa barabara nzima. Nikamwambia, "Elius, kuna kitu sijakuambia. Siku ile Baba aliponiuliza…"

"Nilikuwa kwenye korido, Hilda."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Baba nilishamzoea," akasema. Hakuwa na hasira, bora angekuwa nayo. "Baba hajui kitu, anaogopa tu. Lakini wewe ulikuwepo Tandala. Ulimsikia daktari kwa masikio yako. Baba akakuuliza swali moja na ukampa anachotaka."

"Niliogopa."

"Najua. Ndiyo maana nilimtoa kunguru. Sikuwa nataka kufa, usijidanganye. Nilikuwa nachora nyumbani kwa mtu asiyeniogopa, na sikumwona mtu wa kunifuata."

Nikamwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe. Nesi akaja kubadili bandeji, akaniambia nitoke, nikamsikia mdogo wangu akilia kwa maumivu nyuma ya pazia na sikuwa na haki ya kuingia.

Miezi miwili nimemchukia Baba kwa lile pipa. Mimi ndiye niliyelijaza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Kazini nimejaribu kuiondoa ile picha ya chai kwenye kompyuta. Bosi akasema, "Mbona unaondoa Luponde?" Nimeirudisha.

Jumamosi, 22 Machi

Elius ametoka hospitali. Amekataa kurudi nyumbani Ramadhani. Amesema anakaa kwa Mama Konsolata, na Mama Konsolata amesema chumba ni chake mpaka atakapochoka. Daktari aliyemtibu mkono ametuandikia twende kliniki ya Ikonda mwezi ujao, waanze kumfuatilia upya.

Nilimpa kopo la dawa na kadi. Akapokea kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 29 Machi

Baba amekwenda Makambako na msumeno. Elius hakutoka chumbani. Baba ameng'oa stendi ya tanki, amepiga nyingine, miguu minne, mikaratusi mikavu. Konsolata anasema hakuomba chai wala hakumgongea mtu mlango. Amemaliza, amefagia mabaki, amerudi nyumbani.

Jumamosi, 5 Aprili

Amekwenda tena. Mlango wa jiko.

Jumamosi, 12 Aprili

Tumekwenda wote. Baba alikuwa anainua mafiga kwa matofali, anajenga jiko la juu, la kiunoni, lenye ukuta pembeni ili mtu asiweze kuangukia ndani. Elius akatoka, akakaa kwenye ndoo, akamtazama anavyopanga matofali. Mchana Konsolata akapakua ugali na maharage. Elius alijaribu kumega kwa kushoto, tonge likaanguka, akajaribu tena, likaanguka. Akaisukuma sahani, ikapinduka mavumbini.

Baba akaacha mwiko wa saruji. Akanawa. Akaokota ugali kidogo kidogo, akaupeleka kwa kuku, akarudi na sahani yake mwenyewe, akaiweka kati yake na Elius. Akaanza kula. Kwa mkono wa kushoto. Mzee wa kanisa, mbele ya watu, anamwagia maharage suruali yake.

Elius alitazama pembeni. Baadaye kidogo akanyoosha mkono kwenye sahani.

Nilikwenda nyuma ya nyumba mpaka nikaweza kurudi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Ibada saa tatu. Baba ameomba apumzishwe zamu ya matangazo mpaka mwaka uishe. Mchungaji amemuuliza sababu. Akasema ana safari.

Alhamisi, 24 Aprili

Ikonda. Tumetoka Njombe alfajiri, Elius alishakuja jana akalala kwa rafiki yake, si nyumbani. Kwenye gari alikaa kiti cha mbele, mimi na Baba nyuma. Mvua imekuwa ya manyunyu tu sasa, msimu unaishia. Njiani hakugeuka. Mara moja dereva alipofunga breki ghafla Elius aliuliza, "Mko salama?" na sijui kama alikuwa anatuuliza sisi.

Watu wametoka mbali, wengine Songea, wengine Mbeya. Tulisubiri mpaka saa saba. Nesi aliyetuita ni mama wa makamo, Margareth, kibao cha jina kifuani. Akafungua faili jipya. Akauliza maswali akimtazama Elius, lakini Elius alikuwa anatazama bandeji yake. Nikafungua mdomo nijibu, maana siku zote nimejibu mimi, na kabla yangu Mama.

"Ana kifafa," Baba akasema.

Chumba kilikuwa na watu wengine wawili kwenye benchi. Baba hakupunguza sauti.

"Kilianza lini, mzee?"

"Alikuwa na miaka tisa. Mwezi wa pili, siku ya Jumanne. Nilikuwa nimekwenda naye shambani. Ya pili, wiki tatu baadaye, kanisani, wakati wa kutoa sadaka. Ya tatu aliangukia kwenye ngazi za shule, akapasuka hapa, mwalimu alinipigia. Kisha akaanza dawa, akakaa mwaka na miezi miwili bila kuanguka. Halafu siku ya harusi ya shangazi yake. Halafu alipofariki mama yake, mara mbili kwa wiki moja."

Akaendelea. Hakuwa na karatasi. Mahali, siku, alikuwa amevaa nini, alizinduka akisema nini. Nesi aliandika haraka, akamwomba asimame kidogo, akaandika, akamwambia endelea. Baba alikuwa anakuna goti lake kwa kucha, anaendelea. Mimi nilidhani hakuwahi kutazama. Nilidhani kila mara alikuwa anatoka nje kwa sababu anaona aibu.

Alipofika Januari akasema, "Siku ya tarehe kumi na moja alianguka chumbani. Dada yake alimshika. Na kesho yake mimi nikafanya kosa, ndiyo maana ana mkono huo. Liandike na hilo."

"Hilo halina sehemu hapa, mzee," Nesi Margareth akasema taratibu.

"Basi."

Nesi akageuza ukurasa, akarudi mwanzo. "Hiyo ya kwanza kabisa, shambani. Kulikuwa na jua kali? Alikuwa amefanya kazi sana?"

"Hapana, ukungu. Tulikuwa tunapalilia viazi."

"Mahindi," Elius akasema.

Baba akageuka. Ni neno la kwanza kumwambia tangu Januari.

"Yalikuwa mahindi, Baba. Viazi tulikuwa tumeshavuna."

Baba akafikiri kweli, macho ameyafumba, kama mtu anayelitafuta lile shamba. "Mahindi," akasema. "Kweli. Yalikuwa yamefika magotini. Nilikubeba nikayakanyaga."

"Sikumbuki kubebwa."

"Hukuwa unajua. Nilikubeba mpaka barabarani."

Nesi akauliza ni umbali gani. Baba akasema hajawahi kuupima. Elius akasogeza kiti chake kidogo, ili asikie vizuri.